Kichwa cha Udongo Kisicholia

Nyumbani kwa Mwanasiti binti Seifu, kule Munje, hakuna anayepokea chombo cha udongo bila kukigonga. Ukimpa mtungi ataupangusa kwa kiganja, ataupakata kama mtoto, kisha ataupiga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, na kutega sikio. Mtungi ukiitika kwa sauti nyembamba inayokwenda mbali, ni mzima. Ukijibu kwa mkato, kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu, una ufa mahali, hata kama jicho halijauona. Mamake alikuwa hivyo, na nyanya yake alikuwa hivyo. Siku alipoolewa, Mwanasiti alitengewa bakuli la udongo lenye mchuzi wa kuku mbele ya mawifi, akaligonga kwanza ndipo akanawa mikono. Mawifi walicheka mpaka wakashikana mabega. "Bibi harusi anabisha hodi kwenye mchuzi!" Ni miaka thelathini na miwili sasa, na utani huo haujaisha.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza bintiye Hadiya.

Hadiya ni kitinda mimba. Alizaliwa ugani, karibu kabisa na tanuri la makumbi ya nazi, na kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi alikuwa anajua kutenga vyungu vizima na vibovu kwa sikio tu. Lakini vyungu siku hizi havitoki kama zamani. Plastiki imejaa kila mahali, na mamake mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, kazi ya udongo nitakuachia, haitakimbia. Wewe tafuta na nyingine." Basi akasomea usafi na utunzaji wa nyumba za wageni, akapata nafasi ya miezi sita huko Diani, kwa mama mmoja mzee wa Kizungu anayeitwa Mama Trudi. Ilikuwa kazi ya majaribio. Miezi sita ikiisha vizuri angepewa barua ya sifa, na kwa barua hiyo hoteli yoyote ingemfungulia mlango. Bila barua hiyo, elimu yote ile ilikuwa ni sawa na ufunguo usio na kufuli.

Mama Trudi amekaa Diani zaidi ya miaka arubaini. Ni mjane, macho yamefifia, anatembea kwa fimbo, na Kiswahili chake ni cha pwani kabisa. Nyumba yake ina vyumba vinne vya wageni, na msimamizi wa kazi ni msichana wa bara, Cynthia, mchapakazi hodari ambaye hapendi kuona hata jani moja barazani. Katika sebule ndefu ya nyumba ile mlikuwa na vitu vitatu ambavyo Mama Trudi alivirithi kwa wazee wake. Viwili ni picha za rangi ya mafuta. Moja ni ya bibi aliyeketi chini ya mti, amevaa gauni jeupe jepesi na mshipi wa buluu, nywele zake zimeachwa tu zianguke. Ya pili ni ya bwana mwenye koti jekundu, ameegemea nguzo ya mawe iliyovunjika, anatazama mbali kana kwamba anangoja habari. Na cha tatu ni kichwa cha msichana, ukubwa wa kichwa cha mtu hasa, kimefinyangwa kwa udongo mwekundu na kuchomwa. Nywele zimefungwa utepe, uso umegeuka kidogo upande mmoja kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu anayempenda. Vyote vitatu vilifanywa huko Ulaya miaka ya elfu moja mia saba na themanini.

Juma la kwanza Hadiya alirudi nyumbani na wasiwasi. "Mama, mle ndani mna sanamu, nami ndiye ninayelipangusa. Si dhambi?"

Mwanasiti aliliwaza jambo hilo kwa kituo, maana yeye ni mtu wa swala tano na hapendi kujibu la dini kwa haraka. Mwishowe akasema, "Unalipangusa vumbi, hulisujudii. Mwenye kumuumba Adamu kwa udongo ni mmoja, na roho ni yake. Huyo aliyefinyanga kichwa alijua hivyo pia, maana mbona hakukitia roho kikasema? Fanya kazi yako, useme bismillahi."

Hadiya akacheka. "Nimekigonga, mama."

"Eti nini?"

"Hicho kichwa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nacho hakilii. Kimenijibu kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Kina ufa, wallahi, ijapokuwa hauonekani."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia Madam Cynthia. Akaniuliza kama mimi ni daktari wa vichwa."

Wakacheka wote wawili, wakaendelea kuchambua mchicha. Hayo yalisemwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tano ukafikia mwisho.

Siku moja, Jumatano, Mwanasiti alikuwa anakwangua tumbo la chungu kwa kombe la chaza alipomwona Hadiya anaingia uani saa tano za asubuhi, mkoba begani, macho yamevimba. Aliliweka kombe chini.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Wameniambia nisiguse kitu chochote mpaka kesho." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa na kulia kwa kwikwi. Ilimchukua muda kueleza. Asubuhi ile alikuwa akipangusa sebule kama kawaida. Mtaalamu wa sanaa za kale alitarajiwa kesho yake kuja kutazama picha za Mama Trudi, kwa sababu zilitakiwa kwenye maonyesho Mombasa. Hadiya alipofika kwenye kichwa cha udongo alikipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha, kama ilivyo ada, akakigonga kwa kidole. Kikafunguka. Hakikuanguka, hakikupigwa na kitu kingine. Sikio la kushoto na kisogo vilijitenga taratibu, vikateleza juu ya meza pamoja na kipande cha shingo.

Cynthia alikuja mbio. "Wee Hadiya! Umefanya nini sasa? Hii kitu ni ya miaka mia mbili!"

Hadiya, ambaye hajui kusema uongo, alijibu, "Sikuiangusha, Madam. Niliigonga tu."

Na neno hilo ndilo lililomkaanga. Mbele ya Mama Trudi, mbele ya mpishi na mtunza bustani, Cynthia alisema, "Mmesikia wenyewe. Amekubali aliigonga." Mama Trudi hakupiga kelele. Aliketi tu na kile kipande cha sikio kiganjani mwake, na hilo lilimuumiza Hadiya kuliko matusi. Alisema kwamba alipokuwa mtoto mdogo babake alikuwa akimbeba ambusu msichana huyo wa udongo kila usiku kabla ya kulala. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuandika barua ya sifa kwa mtu anayegonga vitu vya watu.

"Mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki, mama. Na jina langu sasa ni mvunjaji. Nani atanichukua?"

Jirani yao Dama alikuwa amesikia yote kutoka upande wa pili wa ua wa makuti. Dama ni mtu wa Kinango aliyeolewa Munje, mfinyanzi kama Mwanasiti, na mdomo wake hauna breki ingawa moyo wake ni mweupe. Akachungulia. "Pole, mwanangu. Mwanasiti, shoga yangu, sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda Diani kesho. Nikakione hicho kichwa."

"Ukakione! Uende ukawaambie nini wenye vitu vya Ulaya? Wewe na mimi ni wale wa mfinyanzi hulia gaeni. Watakuuliza vyeti, utawaonyesha kucha?"

"Nitawaonyesha magae," akasema Mwanasiti.

Dama alidhani ni mzaha. Lakini Mwanasiti aliinuka, akaenda nyuma ya choo kwenye jaa la vyombo vilivyovunjika, akachutama huko akichagua kama mtu anayechagua mchele. Alirudi na vipande viwili, akavifunga katika leso. Usiku huo aliswali rakaa mbili za haja, na katika dua yake hakuomba ushindi. Aliomba tu kwamba ikiwa mwanawe amekosa, apewe nguvu ya kuomba radhi, na ikiwa hakukosa, ukweli ujitokeze wenyewe bila kumwaibisha mtu.

Kesho yake saa nne walikuwa langoni. Cynthia alitoka na simu mkononi, akawatazama: mama mfupi mwenye buibui iliyopauka na mabaki ya udongo kwenye kucha, na Hadiya nyuma yake.

"Mama, karibu, lakini leo hatuna nafasi. Tuna mgeni mkubwa."

"Ahsante, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?" akauliza Mwanasiti, maana salamu haina haraka.

Cynthia akalegea kidogo. "Hawajambo. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kugombana. Mimi ni mfinyanzi. Mnacho chombo cha udongo kilichovunjika, na anayesemwa amekivunja ni mwanangu. Nataka kukitazama, basi. Nikiona ni yeye, nitapiga magoti hapa hapa."

Mama Trudi aliyasikia maneno hayo kutoka barazani. "Mwache apite, Cynthia," akasema.

Sebuleni walimkuta mgeni ameshafika. Mwanasiti alitarajia Mzungu, kumbe ni kijana wa Kidigo, mtu wa Kwale, miwani usoni, jina lake Daktari Chirau. Si daktari wa sindano. Alikwenda Ulaya kusomea picha na sanamu za kale, na sasa hii ndiyo kazi yake. Alikuwa amesimama mbele ya bibi wa gauni jeupe na kioo cha kukuzia mkononi. Alipomwona Mwanasiti alikiweka chini, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu bibi naye, mbona amevaa kama anayekwenda kuoga?"

Chirau akacheka. "Ilikuwa fasheni mpya wakati huo, mama. Zamani kidogo walikuwa wanajipaka unga nywelani na kuvaa magauni mazito kama mahema. Halafu miaka ile wakachoka. Wakasema turudi kwenye mambo mepesi, kama Wayunani na Warumi wa kale. Ndiyo maana unaona huyu bwana naye ameegemea nguzo ya magofu."

"Na kichwa?"

Chirau akatikisa kichwa chake. "Kichwa ni bahati mbaya, lakini si hasara kubwa ya kielimu. Karatasi za urithi zinasema ni nakala iliyotolewa kwenye kalibu, lile umbo la kusindilia udongo. Miaka ile zilitengenezwa nyingi, zikiuzwa kwa wasafiri. Mimi nimekuja kwa ajili ya picha."

"Kwangu si nakala," akasema Mama Trudi.

Mwanasiti aliomba kitambaa cheupe. Akakitandika mezani, akasema bismillahi, akavipanga vile vipande vinne juu yake. Kisha, Cynthia akiwa ametumbua macho, akavigonga kimoja kimoja. Uso ukaitika. Kisogo kikaitika. Sikio likaitika. Hata kile kipande kidogo cha shingo kikaitika, *ting*, kama kijiko kwenye gilasi.

"Mmesikia? Kila kimoja peke yake ni kizima. Udongo mzuri, na moto wake ulikuwa mzuri. Vilipokuwa pamoja, havikulia. Mwanangu alikigonga siku ya kwanza alipofika hapa, akasikia hakilii, akamwambia msimamizi wake. Mwezi wa kwanza huo. Ni kweli au si kweli, mwanangu?"

Cynthia alitazama sakafu. "Alisema kitu kama hicho. Nilidhani anatania."

"Haya." Mwanasiti akafungua leso, akatoa magae yake mawili. Akamwita Mama Trudi asogee, akamshika mkono na kuuweka juu ya gae la kwanza, kwa vile macho yake hayaoni vizuri. "Hiki ni kipande cha mtungi wangu uliovunjwa na mbuzi wiki iliyopita. Pitisha kidole hapa ulipovunjikia."

"Panakwaruza."

"Panakwaruza kama mkate uliomegwa. Na rangi yake ni mbichi, mnaiona nyinyi wenye macho? Ni tofauti na ngozi ya nje. Sasa shika hiki cha pili. Hiki ni cha mtungi uliopasuka ndani ya moto, siku ya kuchoma."

Mama Trudi alipitisha kidole, akasita, akapitisha tena. "Laini."

"Laini, na rangi ni ile ile ya nje, na moshi umeingia. Kwa sababu ufa ulipofunguka, moto ulikuwa bado unawaka. Moto ukaupika ufa kama ulivyopika tumbo na shingo. Chombo kikipasuka motoni, ufa wake una ngozi. Kikivunjwa na mbuzi, ufa wake hauna ngozi. Hata kikae miaka mia mbili, hauoti ngozi."

Chirau alikuwa ameshavua miwani na kuivaa tena.

Mwanasiti alikichukua kisogo cha yule msichana, akakigeuza, akakiweka mbele yao. Pale kilipojitenga, kutoka nyuma ya sikio kupanda utosini na kushuka upande wa pili mpaka shingoni, udongo ulikuwa laini, umeiva, una ngozi. Sehemu moja tu, chini kabisa, upana wa vidole viwili, ilikuwa mbichi na ya kukwaruza.

Chirau alikichukua kwa mikono miwili. Akakipeleka dirishani, akakitazama kwa kioo chake muda mrefu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni kweli. Huu ufa ulizaliwa kwenye tanuri. Na hapa aliyekifinyanga ameuziba kwa jasi ya plasta, kisha akapaka rangi juu. Kilikuwa kinashikiliwa na hiki kipande cha vidole viwili."

"Kwa miaka yote hiyo," akasema Mama Trudi.

"Kwa miaka yote hiyo, na hiyo jasi," akasema Mwanasiti. Akaigusa ile jasi nyeupe kwa ukucha, ikamong'onyoka kama chaki iliyotiwa maji. Akaunusa ukucha wake. Harufu ya sabuni. Akakumbuka dua yake ya usiku, kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Udongo usiopakwa utando wa kioo unakunywa maji. Hiki kimeoga juzi au jana. Jasi ikilowa, haishiki kitu."

Hakuuliza ni nani. Alianza kukunja leso yake. Ni Cynthia mwenyewe aliyesema, na machozi yalikuwa yameshamlengalenga. "Ni mimi. Jumanne jioni. Nilikiweka kwa beseni nikakisugua na sabuni. Nilitaka daktari akija aone kinang'aa. Hadiya alikuwa ameniambia kisiguswe na maji, nikaona ni ushamba. Hata asubuhi ile sikujua ni hiyo maji. Haki ya Mungu sikujua."

Hadiya aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote huo alijifunika uso kwa mtandio. Mama Trudi aliinuka kwa fimbo yake, akamfuata pale pale mlangoni. Alimwita mpishi na mtunza bustani waje, kwa sababu, alisema, waliosikia mashitaka sharti wasikie na hukumu. "Nilimhukumu huyu binti bila kumsikiliza," akasema. "Hakuvunja kitu. Aliniambia ukweli nami nikauita kosa. Nisamehe, Hadiya."

"Nimesamehe, Mama," akasema Hadiya ndani ya mtandio.

Mwanasiti yeye alikwenda kwa Cynthia, akamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Hakuna aliyekivunja hapa. Kilivunjwa na moto kabla nyanya wa nyanya zetu hawajazaliwa. Wewe ulikiosha tu. Mimi nimeshaosha mangapi ambayo hayakutakiwa kuoshwa."

Ingekuwa mambo yameishia hapo, yangetosha. Mwanasiti alikuwa amepata alichokijia, naye alishaanza kutafuta viatu vyake. Lakini Chirau alikuwa bado amekishika kile kisogo, anachungulia upande wa ndani. "Mama," akaita, "hebu njoo kidogo. Unaona nini humu ndani?"

Mwanasiti akarudi. Ndani ya kichwa kitupu cha yule msichana, mahali ambapo hapajaonwa na jicho la mtu tangu kilipofungwa, kulikuwa na mistari mingi, imepita huku na huku, mingine mirefu, mingine ya haraka. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Amekomba udongo wa ndani," akasema. "Huyu hakutiwa kwenye kalibu."

"Una hakika?"

"Baba, vyetezo vya ubani vya kalibu vinauzwa Ukunda, vichungulie ndani. Utaona udongo umesindiliwa kwa dole gumba, sawasawa kila mahali, na pembeni kuna mstari pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Hapa mstari uko wapi? Huyu alianza na donge zima. Akafinyanga uso, pua, nywele, vyote kwa mkono. Sasa hawezi kulichoma donge zima, litapasuka kama bomu. Kwa hiyo akakata utosi kama unavyokata dafu. Akakomba ndani, kisha akaurudisha utosi mahali pake na kukificha kiungo chini ya utepe wa nywele. Ujanja huo!" Akapitisha kidole juu ya utepe. "Ila alichelewa. Utosi ulikuwa umeshaanza kukauka na chini bado kubichi. Vikavutana ndani ya moto, ufa ukaanzia hapo. Pole yake. Najua alivyojisikia alipofungua tanuri. Mimi yamenifika mara ngapi!"

Chirau aliketi kitini. Alieleza kwa furaha ya mtoto aliyepewa ngoma ya kupiga, na kila mtu akamsikiliza, hata mpishi. Alisema katika miaka ile mabwana wakubwa walitaka sanamu za marumaru nyeupe, baridi, zilizong'arishwa. Lakini mchongaji hakuanza na marumaru. Alianza na udongo, kwa sababu udongo unafuata wazo kwa haraka. Marumaru mara nyingi ilichongwa na mafundi wasaidizi, ila udongo ulikuwa ni mkono wa mwenyewe. Wajuzi wa wakati huo wakaanza kuupenda kuliko marumaru. Nakala ziko nyingi duniani. Kitu chenyewe kimoja, kilichokombwa kwa mkono, ni nadra.

"Nitakipeleka kikapimwe, sitaki kusema neno la mwisho leo," akasema. "Lakini mimi nimesoma miaka tisa, na nilikuwa tayari kukipita hiki kichwa niende kwenye picha. Kisingefunguka, hakuna ambaye angejua."

"Basi si nakala," akasema Mama Trudi.

"Si nakala, Mama."

Bibi kizee yule alicheka, akapiga sakafu kwa fimbo yake mara tatu. "Nilijua! Mtoto hambusu nakala kila usiku!"

Karibu na mahali palipokuwa na sikio, ndani kabisa, kulikuwa na alama moja ambayo haikuwa mstari. Ilikuwa ya ncha ya kidole, imebonyea, na vijistari vya ngozi vimechapika ndani yake wazi kama vya jana. Mwanasiti aliweka kidole chake hapo. Kile cha shahada hakikuingia. Kile kidogo kikaingia sawasawa.

"Ni mwanamke?" akanong'ona Hadiya.

"Au kijana msaidizi," akasema Chirau. "Wanawake waliofundishwa kazi hii miaka ile walikuwa wachache mno. Walikuwapo, lakini wachache. Hatutajua."

Mwanasiti hakukiondoa kidole haraka. Alimwombea mwenye alama ile kheri, yeyote aliyekuwa.

Maonyesho ya Mombasa yalifunguliwa miezi minne baadaye. Matokeo ya vipimo yalikuwa yamesharudi, nayo yalisema yale yale yaliyosemwa mezani kwa Mama Trudi. Bibi wa gauni jeupe alikuwa ukutani, na bwana wa nguzo iliyovunjika, lakini katikati ya ukumbi, peke yake, aliketi yule msichana wa udongo, ameungwa na mafundi, na nyuma yake kimewekwa kioo ili watu waone pale ufa ulipopita. Wanawake wa Munje walikwenda kumi na mmoja, wamevaa leso za sare, na Dama mbele. Kwenye kibao kilichobandikwa chini ya kichwa, Hadiya aliwasomea kwa sauti: kwamba sanamu hii ilifanywa Ulaya yapata mwaka elfu moja mia saba themanini na tano na mkono usiojulikana, na kwamba siri ya kutengenezwa kwake ilifumbuliwa na Mwanasiti Seifu, mfinyanzi, wa Munje, Kaunti ya Kwale.

Dama akapiga kigelegele kilichowafanya walinzi wageuke. "Mfinyanzi hulia gaeni," akasema, "lakini leo gae limetulisha biriani!" Kisha akamtazama shoga yake. "Waliuliza vyeti?"

"Waliuliza kucha," akasema Mwanasiti.

Barua ya sifa Hadiya alikuwa nayo mkobani, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni isiingie unyevu. Mama Trudi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwa ndefu. Ilisema: *Binti huyu alituambia ukweli mara tatu, na mara zote tatu hatukusikia. Anafanya kazi kwa uaminifu, na masikio yake ni bora kuliko ya wote waliomo katika nyumba yangu.* Hoteli mbili zilikuwa zimeshamwita. Lakini Chirau naye alimwita, akamwambia kuna kazi ya kutunza vyombo vya kale kule anakofanya kazi yeye, watamfundisha, na Hadiya alikuwa ameshachagua kabla hajamaliza kusema.

Kabla ya kuondoka, watu wakiwa wamepungua ukumbini, Mwanasiti alimwona bintiye amesimama mbele ya kichwa kile, mkono wake wa kulia umeushika wa kushoto kama anayeuzuia. Chirau alimwona pia. Akatazama huku na huku, akainua kamba ya kuzuilia watu.

"Haya," akasema. "Gonga."

"Kweli?"

"Wewe ni mfanyakazi wetu sasa. Gonga, polepole."

Hadiya akasema bismillahi, akakigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, akatega sikio. Na Mwanasiti akatega, na Dama akatega, na wale wanawake wote wa Munje waliokuwa wameshika udongo tangu utotoni wakatega masikio.

Hadiya akageuka, uso wake wote unacheka. "Bado hakilii," akasema.

"Na hakitalia," akasema mamake. "Wamekiunga vizuri, lakini udongo hausemi uongo." Akamshika mkono mwanawe, mkono ule ule uliogonga, wakatoka nje pamoja kutafuta mahali pa kuswali alasiri.